Marehemu Yuko Online: Filamu Yetu ya Mauaji Ilivyotugeuka Morogoro

Wakuu, heshima kwenu wote, wenye uzi na wapita njia.

Leo naweka hapa kitu ambacho hata mke wangu namsimuliaga nusu nusu. Ni kweli tupu. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Wenye hamu ya chai, yaani stori za kutunga, jikoni ni kule, hapa hakuna.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku toka nizaliwe. Wife anasema nikiletewa uji wa moto namuuliza aliyeuleta kwa nini unatoa mvuke. Sikatai.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, Moro mjini. Wenye umri mnaikumbuka hali. Viwanda vinauzwa kimoja baada ya kingine, wazazi wetu wanapunguzwa kazi, na wakati huohuo mjini kila kukicha kuna saluni mpya, duka la simu jipya, na internet café.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye library ya mikanda ya video karibu na soko. Mchana wateja wakipungua nakimbilia kafe. Mashine zilikuwa za kizee, ukibonyeza herufi "a" inabidi uibembeleze.

Tulikuwa na chat room yetu ya Wabongo. Hakuna picha, hakuna namba za simu, ni nick tu. Mimi nilikuwa Simba_Mpole.

Msicheke.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Jicho_Kali, mpiga video za harusi hapohapo mjini. Na kulikuwa na binti mmoja, nick yake karanga_mbichi. Aisee, yule binti alikuwa na mdomo! Akikuamulia siku hiyo unatoka chat mwenyewe, hufukuzwi. Anaandika bila nukta, bila herufi kubwa, maneno kayakata mikia yote: "vp nyie 2po au mmekufa". Chat bila yeye ilikuwa inapoa kabisa.

Wengine walikuwepo lakini hawa wawili ndio wa kuwashika.

Sasa siku moja Jicho_Kali akaja na wazo. Tucheze filamu. Wakati huo kila mwenye kamera Bongo alikuwa anataka kuwa director, hakuna wa kumzuia. Story yake ilikuwa hivi: marafiki wa chat wanauawa mmoja mmoja. Muuaji akishamaliza mmoja anachukua nick yake, anaingia chat kana kwamba ni yeye, anamvuta wa pili.

Tukasema hiyo kali. Hatari. Nani ataicheza? Sisi sisi.

Mimi nilitaka niwe steringi, kwa sababu mnajua wenyewe, steringi hafi. Jicho_Kali akanijibu kavu, "Wewe ni maiti ya pili." Ya kwanza ilikuwa karanga_mbichi.

Location aliichagua huyohuyo karanga. Matombo, kwa kina mama yake. Akasema kule kuna migomba, kuna ukungu, na hatutasumbuliwa na mtu. Uongo mtupu. Kijiji kizima kilikuja kututazama! Muuaji wetu, kijana mwingine wa chat, kavaa koti la mvua, anamnyemelea marehemu mtarajiwa, jogoo anawika. Damu tulichemsha ya rozela. Bibi mmoja akauliza kama sisi ni watu wa chanjo.

Sasa jambo moja mlishike. Hata siku ile, uso kwa uso, tuliitana kwa nick. "Karanga, sogea kushoto." "Simba, umeingia kwenye picha." Nilimuuliza jina lake halisi akasema, "Ukilijua utanicheka mpaka unakufa, na bado hujafika zamu yako." Nikaacha.

Tukarudi mjini, kila mtu na njia yake.

Baada ya hapo karanga akapotea kwenye chat.

Wiki zikapita. Tukasema labda kapata mchumba, labda shule. Kwenye chat mtu akipotea unamsema siku mbili halafu unazoea.

Kisha mchana mmoja nick ikawaka. karanga_mbichi ameingia.

Wakuu, ilikuwa kama harusi. Kila mtu anaandika kwa pamoja. "Karangaaa!" "Umerudi!" "Tumekumisi we mtoto!" Mimi mwenyewe niliandika kwa herufi kubwa.

Kimya. Kimya kirefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu ikaja hivi:

"Poa.  Nilikuwa safarini."

Herufi kubwa mwanzoni. Nukta. Na baada ya nukta, nafasi mbili. Mbili! Watu hawakuona kitu, waliendelea kufurahi. Mimi nikajiambia hapa kuna namna.

Siku zilizofuata ndiyo ikawa balaa. Akawa anaingia kila mchana, haongei sana, anauliza tu. Na maswali yenyewe sasa:

"Ile filamu imekamilika?"

"Mkanda anao nani?"

"Simba, wewe unafanya kazi wapi hapo mjini?"

Halafu siku moja akaniandikia mimi peke yangu: "Siku ile kule Matombo nilikula?"

Soma tena hapo. Nilikula? Mtu anakuuliza wewe kama yeye alikula!

Nikamjibu alikula ndizi za kuchoma na sisi wote, akamnyang'anya muuaji ya mwisho. Akaandika, "Asante." Akatoka.

Nilikaa pale natazama kioo. Huyu si karanga, nikajisemea. Huyu ni mtu anayekusanya habari za karanga.

Kilichonimaliza kilitokea sokoni. Kuna mama mmoja, Bi Zena, alikuwa anashusha ndizi kutoka Matombo. Siku ile ya kushuti alikuwepo kwenye watazamaji, kwa hiyo alinijua. Nikamwamkia, akaitikia kwa shida.

"Nyie watu wa kamera," akasema, "roho zenu zimetulia?"

Nikamuuliza kuna nini mama.

"Yule binti mliyemlaza kwenye migomba mkamwaga na damu. Si tumemzika."

Nikasema, mama haiwezekani, jana tu nimeongea naye.

Bi Zena alivuta kanga yake, akasema "Astaghfirullah," akasogea nyuma hatua kadhaa. Nikamuuliza huyo mliyemzika anaitwa nani, tusije tukawa tunachanganya watu. Akanitazama kwa dharau ambayo mpaka leo naiona.

"Mmemuua hata jina lake hamlijui?"

Akageukia ndizi zake.

Sasa jiwekeni kwenye viatu vyangu, wakuu. Binti kafa. Kazikwa. Nick yake iko online kila mchana, inataka kujua mkanda uko wapi na mimi nafanya kazi wapi. Na kwenye story yetu maiti ya pili ni nani? Ni mimi!

Najua kuna mtu atauliza kwa nini sikwenda polisi. Niende nikaseme nini? Kwamba afande, kuna marehemu ana-chat? Wangeniweka ndani mimi wa kwanza, maana kijiji kizima kiliniona nimesimama kando ya maiti.

Nilianza kufunga library mapema. Mteja akiingia na koti la mvua namwambia mkanda umeazimwa, hata kabla hajataja mkanda gani.

Mtu wa kwanza niliyemshuku ni Jicho_Kali. Jamaa kaandika story, mkanda anao yeye, na alikuwa anapenda sifa kuliko chakula. Nikamfuata studio kwake, nikamwambia niliyoyasikia sokoni huku namtazama usoni.

Akakaa chini. Akaanza kulia, jamani, mwanaume mzima. Halafu akafuta machozi akasema, "Mimi nilikuwa nakushuku wewe."

"Mimi?"

"Wewe unashinda na mikanda. Wewe ndiye ulikuwa unamuuliza jina. Na wewe uso wako haujakaa vizuri."

Hakuna aliyetaka kumpa mwenzake mgongo. Mwisho tukakubaliana twende kafe pamoja, tukae mashine moja, karanga akiingia tujue kwamba si mimi na si yeye.

Tukaenda. Akaingia. Basi tukapumua kidogo, tumebaki marafiki.

Tukiwa katikati ya chat, umeme ukakatika. Moro ya wakati ule ilikuwa kawaida. Watu wakapiga mluzi, wakangoja, ukarudi. Mashine zikaanza kuwaka kwa kujivuta. Tukaingia tena chat. Na karanga_mbichi naye akaingia.

"Samahani.  Umeme ulikatika."

Jicho_Kali akanibana mkono mpaka ukauma. Yuko hapa. Mjini hapa hapa, pengine humu humu ndani.

Tukaanza kuchungulia. Wanafunzi wa chuo watatu wanagombania mashine moja. Mama wa makamo kwenye kona, kafunga kitambaa cheusi, nikajua anamwandikia mwanawe aliye Ulaya. Na mzee mmoja wa briefcase, kageuza kioo chake ukutani ili mtu asione. Huyo! Nikanyanyuka kama naenda kuulizia maji, nikapita nyuma yake. Mzee alikuwa anasoma matokeo ya mpira.

Nikarudi kitini, nikasema ngoja nimjaribu. Sijui wazo lilitoka wapi. Nikaandika neno moja tu:

"Shikamoo."

Mnajua vijana wa chat. Ukimwamkia binti wa miaka ishirini shikamoo atakutukana, atakuuliza kama unamwona ana mvi. Karanga ninayemjua angenichana mpaka nibadili nick.

Jibu lilikuja hapohapo, hata sijaondoa mkono kwenye kibodi.

"Marahaba.  Hujambo?"

Kisha kimya. Kisha, "Nakutania tu."

Tulikuwa tumeshamkamata. Mtu aliyeamkiwa maisha yake yote hawezi kuiacha salamu ining'inie, jibu linamtoka tu. Huyu ni mtu mzima. Na sisi vichwa vyetu vilikuwa vimejaa filamu, tukajua moja kwa moja ni mwanaume. Baba mtu mzima, kashika nick ya binti aliyekufa, anatafuta mkanda. Kuna nini kwenye mkanda? Kuna mtu gani kapita nyuma ya migomba ambaye hatukumwona?

Jicho_Kali akasema huyu tunamtega.

Nikamwandikia kwamba mkanda ninao mimi, kesho mchana nitakuwa mgahawa fulani karibu na stendi, aje auchukue. Akajibu haraka kuliko siku zote.

"Nitakuja.  Asante sana.  Mungu akubariki."

Mungu akubariki! Nikasema huyu muuaji ana adabu.

Kesho yake tukafika mapema. Tumebeba mkanda mtupu. Meza ya jirani nikamweka Shaibu, mbeba mizigo wa sokoni, kifua kama mlango. Kazi yake ilikuwa kukaa tayari. Kabla mtu yeyote hajafika Shaibu alishamaliza sahani ya maandazi na anaulizia nyingine.

Tukawa tunakagua kila mwanaume anayeingia. Kondakta, hapana. Mchungaji, labda. Jicho_Kali anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Akaja yule mama wa kitambaa cheusi, wa kompyuta ya kona. Akasimama mezani kwetu. Tukamwamkia, akaitikia. Jicho_Kali akasema kwa upole, "Mama, samahani, kuna mtu tunamsubiri hapo."

"Ni mimi, baba," akasema. "Nani kati yenu ndiye Simba?"

Niliinua mkono kama niko darasani.

Akakaa. Akaweka kipochi chake magotini, akakishika kwa mikono miwili. Akatuambia yeye ni mama yake karanga. Akasema binti yake aliitwa Skolastika, na alikuwa hapendi kuitwa hivyo, anasema ni jina la mtawa. Akatabasamu kidogo hapo.

Alikuwa mtoto wake wa pekee. Ilikuwa malaria, ikapanda kichwani. Wodini, siku ambayo bado alikuwa anaongea, alimwachia mama yake password akamwambia, "Waambie wenzangu naumwa, wasije wakadhani nimewanunia."

Mama mwenyewe alikuwa sekretari kiwandani miaka mingi, kachapa barua za mameneja, nukta na nafasi mbili, mpaka kiwanda kilipouzwa na yeye akapunguzwa. Toka hapo alikuwa anauza karanga Kihonda, anazifuata Gairo. Kwa hiyo kibodi hakikumtisha.

"Nilikuja kuwaambia," akasema. "Tulikuwa tumeshazika. Nikafungua hiyo chat yenu, nikajiandaa kuandika. Kabla sijaandika, mkaanza nyie. Karanga umerudi. Karanga tumekumisi. Wote kwa pamoja."

Akafungua kipochi, akakifunga tena.

"Nyumbani hakuna tena mtu wa kumwita. Nikaona ninyi bado mnamwita. Vidole vikakataa, wanangu. Nikasema leo tu, kesho nitawaambia. Kesho nikasema hivyohivyo."

Shaibu kule alikuwa ameacha kutafuna.

Mimi nililia, wakuu. Sioni aibu. Yale maswali yote yaliyonikosesha usingizi nikayasikia upya. Siku ile nilikula? Mama alikuwa anauliza kama mtoto wake alishinda na njaa.

Nikamwomba radhi. Akasema hakuna kosa, hata yeye alikuwa anatuogopa, kwa sababu kwao Matombo wanasema sisi ndio tuliokichezea kifo mpaka kikaja.

Kisha akasema alichokuja kukitafuta. Nyumbani ana picha za Skola mbili, ya ubatizo na ya kumaliza shule. Zote katulia tu, hasogei. Alisikia tulimchukua kwa video.

"Nataka kumwona anatembea," akasema. "Basi."

Jicho_Kali akainamisha kichwa. Mimi nilijua kwa nini. Kwenye filamu Karanga hana kazi nyingine. Anatoka kwenye ukungu, anatembea kidogo, anakabwa, anakufa, kamera inakaa kwenye uso wake. Utampelekea mama mzazi kitu hicho? Lakini utamnyima vipi?

"Mama," Jicho_Kali akasema, "humo ndani anauawa."

"Najua. Nimeambiwa."

Siku iliyofuata tulikwenda kwake Kihonda. Jicho_Kali alibeba kamera yenyewe na waya zake, na mkanda wa siku ile kama ulivyo, bila kukatwa popote. Filamu iliyohaririwa aliiacha studio. Aliniambia njiani hajawahi kuutazama mkanda ule mpaka mwisho wake, alikuwa anachukua vipande anavyovitaka tu.

Majirani walikuwa wametandika jamvi na maganda ya karanga yamesukumwa kona. Tukaunganisha kwenye TV.

Ukungu ukatokea. Migomba. Halafu Skola akatokea anatembea, kavaa gauni la njano, anajifanya haoni kama anafuatwa. Mama akasogea mbele mpaka akawa karibu kugusa kioo.

Koti la mvua likatokea nyuma yake. Nikasema sasa basi, tuzime. Mama akanishika mkono, akaukandamiza chini. Skola akakabwa, akaanguka, rozela ikamwagwa. Akalala pale macho wazi. Mama alikuwa anapumua kwa nguvu, na mimi nilikuwa namlaani Jicho_Kali, najilaani na mimi, nalaani kila kilichoitwa kamera.

Ndani ya TV ikasikika sauti: "Kata! Safi sana!"

Na Jicho_Kali, kwa uzembe wake, hakuzima. Aliishusha tu kamera, ikaendelea kuchukua.

Skola akainuka. Akakaa kitako, akaanza kujipiga mapaja. "Siafu! Jamani siafu wananimaliza huku, nyie mnaremba tu!" Akasimama anarukaruka, anakung'uta gauni, anacheka mpaka anakosa pumzi. Akalamba rozela mkononi. "Na damu yenyewe haina sukari, aliyepika nani?" Akaja mpaka kwenye kamera, uso ukajaa kioo kizima, akatoa ulimi.

Mkanda ukaisha hapo.

Mama alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka mpaka shingoni na anacheka, sauti ileile ya mwanawe. Majirani nao wakacheka, na kulia.

"Rudisha," akamwambia Jicho_Kali.

Akarudisha mkanda mwanzo kabisa.

"Siyo huko, baba. Rudisha pale anapoinuka."

Tuliirudisha pale anapoinuka mchana ule wote. Sijui mara ngapi. Akiinuka, mama anasema, "Haya, mwanangu." Akikaribia kuisha, tunairudisha.

Filamu haikutoka, na hakuna kati yetu aliyeidai. Mkanda Jicho_Kali aliuacha palepale, pamoja na kamera yenyewe ya kuutazamia.

Funzo nililopata mimi ni dogo, wakuu. Mtu wenu akinyamaza, mtafuteni. Msingoje mazoea yafanye kazi yake. Mimi nilitumia akili zangu zote kumtafuta muuaji, na hakuna siku hata moja niliyofunga safari kumtafuta karanga alipokuwa bado anaumwa.

Sasa nawaachia uwanja. Kuna member alikuwa anatuchekesha humu na siku hizi haonekani? Mtajeni hapo chini. Andikeni alivyokuwa anawachekesha, hata mstari mmoja. Pengine nyumbani kwake kuna mtu anapita humu kusoma.